KUSOMA SI KUIMBA

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto akiisha kujua a, e, i, o, u, na akiweza kuitikia ba, be, bi, bo, bu pamoja na wenzake, basi amekwisha kujua kusoma. Mimi nasema sivyo. Huyo amejua kuimba. Kusoma ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo watoto wengi wa nchi yetu wanahitaji mtu wa kuwashika mkono. Katika makala hii nataka kuonyesha ya kuwa mtu huyo aweza kuwa wewe, mwanafunzi mwenzangu wa kidato cha tatu au cha nne, tena bila kupungukiwa na chochote katika masomo yako.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kusoma kuna ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kutambua herufi na silabi na kuzitamka. Ya pili ni kusoma kwa mfululizo, yaani kwa mwendo wa mazungumzo, pasipo kujikwaa katika kila neno. Ya tatu ni kufahamu yaliyoandikwa, hata msomaji akaweza kuyaeleza kwa maneno yake mwenyewe, na kuyatumia. Ngazi hii ya tatu ndiyo iliyotupeleka shuleni. Hizo mbili ni njia tu ya kuifikia.

Huenda mtu akauliza, mwendo una maana gani? Si afadhali mtoto asome polepole lakini asome? Mtazame kijana anayejifunza kupiga kasia pale Kibirizi. Siku za kwanza macho yake yote yako kwenye kasia. Hajui kama mtumbwi waelekea Gombe au wazunguka papo hapo. Mikono yake ikiisha kuzoea, ndipo macho yake huwa huru kutazama upepo, mawimbi na ufuko. Ndivyo ilivyo katika kusoma. Mtoto anayevuta silabi moja moja, akili yake yote imeshikwa na silabi. Afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kumtoka. Mtoto huyo si mjinga hata kidogo. Akili anayo, lakini imepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, na moja imemshinda. Kwa sababu hiyo Wizara iliwahi kuweka kipimo cha maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa darasa la pili, tena ayasome na kujibu maswali juu yake.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neema yake na ina mtego wake. Neema ni kwamba irabu ni tano tu, na kila herufi husomwa vilevile popote ilipo. Sote tuliokutana na Kiingereza tunajua taabu wanayoipata wenye lugha ile, ambako herufi zilezile hutamkwa hivi leo na vile kesho. Mtoto wa Kitanzania aliyefundishwa vema aweza kutamka neno lolote la Kiswahili katika muda wa miezi michache.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa kutamka ni kwepesi, twadanganyika upesi. Maneno yetu ni marefu, na neno moja hubeba habari nzima. Tazama neno hili: hawakutupelekea. Lina silabi nane. Mtoto aimbaye husikia kishindo cha silabi nane, basi. Mtoto asomaye huona vipande: ha- yakanusha, wa- ni wao, -ku- ni wakati uliopita, -tu- ni sisi, na -pelekea ndilo tendo. Kwa hiyo mtoto hapaswi kuachwa kwenye silabi. Yampasa afundishwe kuona ndugu wa neno: soma, someni, wamesoma, hawakusoma, watanisomea. Akiisha kuwatambua ndugu hao, macho yake huruka kama panzi wala hayatambai tena.

Wala msidhani ya kuwa haya ni mambo ya sarufi tu. Siku hizi wazazi wengi huletewa habari za fedha kwa simu, na aitwaye kuzisoma mara nyingi ni mtoto wa shule. Kati ya "umepokea" na "utapokea" pana tofauti ya silabi moja, -me- na -ta-. Silabi hiyo ndiyo inayosema kama fedha zimo au hazimo. Mama muuza dagaa akitoa gunia lake kwa "utapokea" aliyosomewa harakaharaka, ni nani atakayemrudishia?

Hapa kwetu pana jambo jingine la kuangaliwa. Mtoto wa Ujiji hukua na Kiswahili tangu kuzaliwa. Lakini watoto wengi wa vijijini, kuanzia hapa Mwandiga kwenda Kalinzi mpaka Manyovu, na kule Kasulu, husema Kiha nyumbani. Kwao mtu ni umuntu, na watu ni abantu. Lugha hizi ni ndugu, na undugu huo ni msaada mkubwa, lakini si kitu kimoja. Mtoto aweza kutamka ukurasa mzima wa Kiswahili kwa sauti nzuri, hali nusu ya maneno hajapata kuyasikia mahali pengine popote.

Nitatoa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Likizo ya mwezi wa Juni nilikuwa nyumbani kijijini kwetu ufukweni. Bibi yetu alirudi kutoka zahanati na vidonge vyake katika bahasha ndogo, akampa mdogo wangu wa darasa la tatu amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti safi: "Kimoja, kutwa mara tatu." Hakukosea hata herufi moja. Bibi akamwuliza, "Sasa, mjukuu wangu, leo nimeze vingapi?" Mtoto akanyamaza. Halafu akayasoma maneno yaleyale mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba sauti ndiyo iliyopungua. Neno "kutwa" alilitamka barabara, lakini hakujua ya kuwa maana yake ni mchana mzima tangu asubuhi mpaka jioni, wala hakuweza kuunganisha "kimoja" na "mara tatu" apate vidonge vitatu. Darasani mtoto yule huhesabiwa miongoni mwa wanaojua kusoma. Nyumbani hakuweza kumsaidia mgonjwa.

Tangu usiku ule nilisoma naye dakika kumi kila siku kwa wiki nne. Nitaeleza tulivyofanya, maana hapana jambo hata moja kati ya haya ambalo mwanafunzi wa sekondari hawezi kulifanya.

Jambo la kwanza, mkubwa asome mbele. Mimi nilisoma sentensi kwa mwendo wa mazungumzo, naye akafuata kwa kidole. Kisha tukasoma pamoja. Mwisho akasoma peke yake. Mtoto ambaye hajapata kusikia kusoma kuzuri atakujuaje?

Jambo la pili, ukurasa mmoja usomwe mara tatu, wala si kurasa tatu mara moja. Mara ya kwanza alijikwaa, mara ya pili alitembea, mara ya tatu alikimbia. Lakini angalieni: ukurasa ule ule ukisomwa siku nyingi mno, mtoto huukariri, na akikariri amerudi kwenye kuimba. Kesho yake yafaa ukurasa mwingine.

Jambo la tatu, kuchagua kinachomfaa. Ikiwa katika kila mstari anakwama mara tatu, kitabu hicho ni kizito, tuchukue kingine. Ikiwa hakwami kabisa, ni chepesi mno, hajifunzi jipya.

Jambo la nne, kungoja. Akikwama nilihesabu kimyakimya mpaka tano kabla ya kumsaidia. Mara nyingi alijisahihisha mwenyewe. Mtoto akatizwaye kila anapokosea huogopa, na mwenye hofu hafikiri. Kicheko na kofi havijapata kumfundisha mtu kusoma.

Jambo la tano, na ndilo kubwa, ni maswali. Maswali ya kuokota ni mepesi: nani, wapi, lini. Yapo pia maswali ambayo jibu lake halikuandikwa. Usiku mmoja tulisoma habari hii fupi niliyoiandika mwenyewe: "Mwezi ulikuwa mpevu. Baba alilala nyumbani." Nikamwuliza, "Kwa nini baba hakwenda ziwani?" Akacheka, akajibu mara moja ya kuwa usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haiwavuti dagaa. Jambo hilo halikuwamo katika maneno yale. Lilikuwamo kichwani mwake, kwa kuwa ni mtoto wa wavuvi. Huko ndiko kufahamu: kuyaoanisha yaliyoandikwa na yale uyajuayo. Tena hapo nikaona kwa nini kitabu chenye habari za theluji humtaabisha. Hana cha kuoanisha nacho mpaka mkubwa amweleze.

Jambo la sita, Kiha kisifukuzwe. Neno likishindikana kwa Kiswahili, nilimweleza kwa Kiha, kisha tukarudi kwenye Kiswahili. Daraja si aibu; aibu ni kubaki ng'ambo.

Atakayesema hana vitabu, namjibu ya kuwa vitabu vingine vimetuzunguka. Yapo majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mitumbwi ya Kibirizi, yapo maneno ya kanga za mama zetu, vipo vibao vya magari yapitayo njia panda yetu kwenda Kasulu na Manyovu. Lakini kitabu kilichonifaa kuliko vyote ni daftari la kurasa arobaini. Mdogo wangu alinisimulia habari za kuanika dagaa, mimi nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, naye akayasoma. Hapana maandishi yaliyo mepesi kwa mtoto kuliko yale yaliyotoka kinywani mwake. Kabla ya kurudi shuleni daftari lilikuwa na hadithi kumi na moja.

Sitaki kujisifu ya kuwa katika wiki nne alikuwa mwanachuoni. Bado husoma polepole. Lakini jambo moja lilibadilika, nami naliona ni kubwa. Siku za mwisho alikuwa akifika mahali husimama mwenyewe na kusema, "Kaka, hapa sijaelewa." Mtoto aimbaye hasemi hivyo, kwa sababu hajui ya kuwa palikuwa na kitu cha kueleweka.

Sasa nageukia nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma na kuandika katika nchi hii walikuwa kama theluthi moja. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaendelea miaka mingi, mpaka mwaka 1986 ikahesabiwa ya kuwa watu tisa katika kumi wanajua. Ni nani waliofundisha? Walimu wenye vyeti wasingetosha kamwe. Wengi walikuwa watu wa kujitolea, na miongoni mwao vijana waliomaliza shule ya msingi tu. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Miaka iliyofuata hesabu ilirudi nyuma, na sababu moja ni kwamba vijijini hapakuwa na vitu vya kutosha vya kusoma. Ujuzi usiotumiwa huota kutu kama jembe lililoachwa mvuani.

Mwaka 2011 ripoti ya Uwezo, iliyopima watoto nyumbani kwao, ilieleza ya kuwa katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu hivi tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali haikukaa bure. Mwaka 2015 ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili wenye kukazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada. Watoto wakaja kwa wingi, nasi twafurahi kwamba walikuja. Lakini hesabu ni hesabu. Katika darasa la watoto 100, kipindi cha dakika 40 kina sekunde 2,400. Mwalimu akimpa kila mtoto zamu ya kusoma, na yeye mwenyewe asiseme hata neno moja, kila mtoto atapata sekunde 24. Katika sekunde 24 mtoto wa darasa la tatu atasoma nini? Ndiyo maana darasa huitikia pamoja, na katika kuitikia pamoja asiyejua hujificha nyuma ya sauti ya anayejua. Simlaumu mwalimu. Hata malaika hawezi kuzirefusha sekunde.

Basi shauri langu ni hili. Kila Jumamosi, baada ya usafi wa mabweni, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaopenda waende shule ya msingi iliyo jirani kwa dakika 40, kila mmoja na mtoto wake mmoja, yule yule muhula mzima. Yafanyike kwa idhini ya Mkuu wa Shule, walimu wa huko na wazazi, darasani milango wazi au chini ya mwembe, mwalimu akiwapo. Katika Jumamosi 12 kila mtoto atakuwa amepata saa nane za kusoma huku mtu mmoja akimsikiliza yeye peke yake. Gawanyeni saa nane kwa sekunde 24, mtaona ni zamu 1,200 za darasani.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema kufundisha ni kazi ya walimu. Ni kweli, na walimu wataendelea kuifanya. Sisi hatutafundisha, tutasikiliza na kuuliza. Kazi hiyo haihitaji cheti, yahitaji subira.

Wengine watasema, "Sisi wa kidato cha nne tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba." Nami pia ninao. Lakini ni nani kati yetu asomaye kila dakika ya Jumamosi? Tena karatasi ya Kiswahili hutupima ufahamu, na karatasi ya Kiingereza vilevile. Mtu aliyezoea kumwuliza mtoto "kwa nini" na "umejuaje" hawezi kuacha kujiuliza mwenyewe akiwa na kitabu chake cha Historia au cha Biolojia. Wengi wetu huimba pia, ila sisi twaimba kwa Kiingereza. Mwanafunzi huandika maana ya "photosynthesis" neno kwa neno kama ilivyo katika daftari, ukimwuliza mgomba wapata wapi chakula chake hana jibu. Dawa ya mdogo ndiyo dawa ya mkubwa.

Wengine watasema afadhali watoto wafundishwe Kiingereza, maana ndicho kitakachowangoja kidato cha kwanza. Mtoto hujifunza kufahamu mara moja tu, katika lugha anayoielewa. Akiisha kujua ya kuwa maandishi husema jambo, atalitafuta jambo hilo katika kila lugha. Asiyelitafuta katika Kiswahili hatalitafuta katika Kiingereza. Walimu wetu wa kidato cha kwanza wanalijua hilo kuliko mimi.

Wengine, hatimaye, watauliza juu ya vitabu. Katika shule nyingi nilizofika, vitabu vya hadithi hukaa kabatini chini ya kufuli ili visichakae. Kitabu kisichosomwa hakichakai, ndiyo, lakini huliwa na mchwa. Heri kichakae mikononi mwa watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza hapa nchini mwaka 1991, umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto. Yafaa tuulize vimefika wapi karibu nasi. Vikikosekana, madaftari ya hadithi zao wenyewe yatatosha kuanzia.

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu aliyefika hapa alifika kwa sababu mtu fulani alikaa kando yake akamsikiliza akisoma: mama, kaka, dada, au mwalimu aliyebaki baada ya kengele. Hatukuzaliwa tukijua. Kesho baadhi yetu tutakuwa walimu, wengine wauguzi watakaoandika juu ya bahasha za dawa, wengine wafanyabiashara watakaotuma habari za fedha. Yote hayo ni bure ikiwa atakayeyasoma ni mwimbaji tu.

Kikaratasi cha majina nimekibandika katika ubao wa matangazo karibu na bwalo, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Mpaka naandika makala hii majina ni tisa. Watoto wa darasa la tatu katika shule jirani ni wengi kuliko hao. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni ya kikaratasi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Mwandiga, Kigoma